Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka wa Kugeuza Majani

Ndugu wanachama,

Naanza na kosa, maana ni langu. Kwa miaka miwili orodha yetu ya mimea midogo ya maji baridi imekuwa ikisema kwamba mfereji wa umwagiliaji tunaoupita kila tukienda kwenye majaruba umejaa Lemna minor, mmea mdogo unaoelea juu ya maji. Niliiandika mimi, nikiwa nimesimama ukingoni, viatu vikavu.

Mwezi Machi mwenzetu mmoja, mwalimu wa biolojia, alichota ule utando wa kijani kwa chujio la chai, akaumwaga kwenye sahani nyeupe yenye maji, akageuza mmea mmoja kwa ncha ya sindano. "Mwenyekiti, hebu njoo uone." Mzizi ulikuwa mmoja, kama ilivyo kwa Lemna zote. Lakini pale unapoanzia, ala yake, yaani kifuko kinachouzunguka mwanzoni, ilikuwa na vijibawa viwili, na ncha ya mzizi ilikuwa imechongoka kama penseli mpya. Lemna minor haina vijibawa hivyo, na mzizi wake una ncha butu. Tuliyokuwa nayo muda wote ni Lemna aequinoctialis, mkaazi wa kawaida wa majaruba na mitaro ya nchi za joto. Nimerekebisha orodha na nimemshukuru mwalimu mbele ya kamati. Nilistahili kuchekwa, na nilichekwa.

Kuanzia siku hiyo tukawekeana sharti: hakuna jina linaloingia kwenye daftari kabla mmea haujageuzwa. Ndipo ufunguo wetu wa kutambua, yaani maswali ya kufuata moja moja mpaka ufike kwenye jina, ukaanza kuandikika. Kitabu tunachokitegemea, Flora of Tropical East Africa, kilichotolewa kwa sehemu tangu 1952 hadi 2012, kiko kwa Kiingereza cha wataalamu, na nusu yetu tulikuwa tunakikwepa. Sasa tuna ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa familia hii ya Lemna. Swali la kwanza ni: una mizizi mingapi? Ukikuta shada la mizizi, saba au zaidi, na upande wa chini una rangi ya zambarau, hiyo ni Spirodela polyrhiza, jitu la ukoo huu, ingawa jitu lenyewe halizidi sana upana wa sentimita moja. Ukikuta mmoja, ni Lemna. Usipokuta hata mmoja, tulia, usiutupe.

Huo usio na mizizi ndio uliotupa raha kubwa kuliko yote mwaka huu. Katika dimbwi moja lililoachwa na mafuriko ya masika tulidhani kuna mtu kamwaga chenga za mboga. Mkono ukiingia maji unatoka na punje za kijani, ndogo kama mbegu za mchicha, na ukizisugua kwa vidole unasikia mikwaruzo kama ya semolina. Ni Wolffia. Hauna mzizi wala jani, ni kidonge tu kinachotoa kidonge kingine ubavuni. Na bado ni mmea wa maua: ua lake hukaa ndani ya kitundu juu ya kidonge, lina stameni moja (sehemu ya kiume) na pistili moja (ya kike), basi. Hakuna jenasi yenye mimea ya maua midogo kuliko hii. Ua hatukuliona. Wapo waliotaka tuandike Wolffia arrhiza moja kwa moja. Nikakataa, kwa sababu ambazo mmekwisha kuzisikia. Daftari linasema Wolffia, jina la jenasi tu, nukta.

Kwenye majaruba tulikuta Azolla, na hapo lazima nirudie kwa wanachama wapya: huyu si ndugu wa Lemna hata kidogo. Ni kangaga. Hana ua, anazaa kwa spora, na vijani vyake vimepandana kama magamba ya samaki. Ndani ya kila kijani mna uwazi wenye sianobakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, ndiyo maana wakulima wa mpunga wa China na Vietnam wameutumia kama mbolea tangu zamani. Mama mmoja mwenye jaruba alikuwa akiuzoa kwa reki na kuutupa barabarani. Tulipomweleza, alituuliza kama sisi tunalima. Tukanyamaza. Baadaye alituruhusu tuache kona moja bila kuzolewa, atazame mwenyewe.

Sasa hasara. Chupa zote za safari ya Aprili hazifai kitu. Mimea hii ukiibana kwenye gazeti inabaki doa, kwa hiyo tunaihifadhi kwenye spiriti, na hilo lilifanyika vizuri. Tatizo ni kwamba lebo ziliandikwa kwa kalamu ya wino. Spiriti ikala wino wote, tukabaki na vijikaratasi vyeupe vinaelea pamoja na mimea isiyo na mahali wala tarehe. Tulikusudia kuipeleka hebaria ya taifa, hifadhi ya vielelezo vya mimea, Arusha. Hakuna mtunza hebaria atakayepokea kitu kama hicho, na mimi nisingempelekea. Lebo ni ya penseli, na inaingia ndani ya chupa. Nje inabandikwa nyingine.

Kuhusu kichocho, nimechoka kubembeleza. Maji yaliyotulia yenye majani ndiyo makazi ya konokono wanaokisambaza. Asiye na mabuti ya mpira atabaki ukingoni na kuandika. Wawili walipuuza mwaka huu. Nimewasihi waende wakapime na wamekubali.

Ada zimelipwa na wengi, si wote. Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu.

Mwakani nataka tuachane kidogo na vinavyoelea juu. Wolffiella, ndugu wa Wolffia, huning'inia chini kidogo ya uso wa maji, mwembamba na karibu hauonekani, na naamini tumeshaupita mara nyingi. Tutahitaji sahani nyeusi badala ya nyeupe. Aliye na sinia la zamani la rangi hiyo alilete.

Lenzi ya mkono namba 3 bado haijarudi tangu Julai. Aliyenayo anajijua, na mimi pia namjua.