Kadi ya grafiki ipimwe kabla ya kuvuka bahari

Ndugu Mhariri,

Msimu wa karafuu unapoleta fedha, miongoni mwa vitu ambavyo vijana wa hapa Pemba huvikimbilia baada ya simu ni kadi ya grafiki, yaani ile kadi inayochomekwa ndani ya kompyuta ili gemu zicheze bila ya kukwamakwama. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Chake Chake, na naomba nafasi katika gazeti lako kwa sababu nyingi ya kadi hizo huagizwa Darajani ya Unguja au Kariakoo ya Dar es Salaam kwa kuangalia picha katika simu, hulipiwa kabla ya kuonekana, huvuka bahari, na zikishafika ndipo mwenyewe anapokuja kuniuliza kama zitaingia katika mashine yake. Suali hilo lilitakiwa liulizwe mwanzo. Mkaazi wa mjini Unguja aliyenunua kadi isiyomfaa hupanda daladala akairejesha dukani siku hiyo hiyo. Wa Pemba hulipia mzigo mara ya pili, humbembeleza muuzaji ambaye fedha ameshazipokea, na aghlabu huishia kumuuzia mwenziwe kwa hasara.

Rai yangu ni kwamba kompyuta ya zamani iliyotoka ofisini inafaa kuongezwa kadi ya aina moja tu, nayo ni ile inayopata umeme wake wote katika tundu inamochomekwa, na ambayo siku mashine hiyo itakapokufa itaweza kuhamishiwa katika mashine nyengine. Asiyeweza kuipata hiyo, bora aziweke fedha zake.

Mashine tulizonazo majumbani na maskulini kwa sehemu kubwa ni mitumba ya maofisini: Dell OptiPlex 7010 iliyotoka mwaka 2012, OptiPlex 9020 ya mwaka uliofuata, HP Compaq Elite 8300 na nyengine za rika hilo. Ni mashine madhubuti na sizidharau, kwani zimedumu kuliko nyingi zilizonunuliwa mpya. Lakini zilitengenezwa kwa kazi za barua na hesabu, na jambo hilo hudhihirika zaidi katika pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachoilisha mashine umeme. OptiPlex 9020 ya kasha jembamba ina pawa saplai ya wati 255, na ile ya kasha kubwa ina wati 290. Kwa 7010 ni wati 240 na 275. Prosesa (ubongo wa mashine) ya Core i5-4570 iliyomo katika nyingi ya hizo 9020 imekadiriwa wati 84. Ukiongeza mazabodi (bodi kuu inayobeba vyote), ramu (kumbukumbu ya kazi), diski na feni, hubaki nafasi ya kutosha kuilisha kadi ya wati 75, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa kupita katika tundu la PCI Express, ndilo hilo la kuchomekea kadi. Nafasi ya kuilisha kadi ya Radeon RX 580, ambayo watengenezaji wake wenyewe wameikadiria wati 185, haipo. Prosesa na kadi hiyo peke yake ni wati 269, na bado hujahesabu kitu chengine chochote.

Hata hivyo RX 580 na ndugu yake RX 570 ndizo ninazoletewa zaidi. Kadi nyingi za aina hii ziliingia katika soko la mitumba baada ya mtandao wa sarafu za kidijitali wa Ethereum kuacha kutumia kadi za grafiki kuchimbia sarafu mnamo Septemba 2022, na kijana akiiona picha ya kadi yenye feni mbili na bei ya kumwezesha, haulizi tena. Nyengine zinazoandikwa RX 580 2048SP kwa hakika zina nguvu ya RX 570. Nyingi zimefanya kazi usiku na mchana kwa miaka, na ingawa kuchimbia sarafu peke yake hakuuwi kadi, feni zake huwa zimechoka na ile dawa ya kupitishia joto juu ya chipu imekauka ikawa kama chaki.

Hapo ndipo inapokuja hoja ya waya wa kuungia. "Fundi, si kuna ule waya unaochukua umeme wa diski?" Upo, tena unauzwa rahisi: upande mmoja una plagi ya SATA, ambayo kazi yake ni kuilisha diski, na upande wa pili una plagi ya pini 6 ya kuingizwa katika kadi. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ikiwa imekadiriwa kuhimili ampea 1.5, kwa hiyo uwezo wake wote ni wati 54, ilhali plagi ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta wati 75. Tofauti hiyo hugeuka moto ndani ya plastiki. Nimezitoa plagi za namna hiyo zikiwa zimevimba na kugandana na pini zake hata ikanibidi nikate waya, na katika mashine moja diski iliyokuwa ikilishwa na waya huo huo ilikufa pamoja na picha zote za harusi ya dada wa mwenye mashine. Kijana alikuja kutaka gemu zake zipone. Mama yake alikuja siku ya pili kuuliza picha.

Wapo wanaosema dawa yake ni kubadilisha pawa saplai. Kwa 7010 ya kasha kubwa inawezekana bila ya taabu, kwa kuwa mazabodi yake inapokea plagi ya kawaida ya pini 24. Mazabodi ya 9020 ina plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida haiwezi kuungwa mpaka upatikane waya maalumu wa kubadilishia, na kasha jembamba la mashine yoyote kati ya hizi halina hata pahala pa kuiweka. Jumlisha bei ya kadi, pawa saplai nzuri, huo waya na nauli ya mizigo, utakuta umekaribia kupata mashine ya kizazi kipya zaidi.

Kuna na suala la kimo, ambalo halihitaji elimu yoyote, rula inatosha. Kadi ya kawaida ina kimo cha sentimita 12 hivi kwenye bati lake la kufungia, na kasha jembamba linachukua kadi ya kimo cha sentimita 8. Ukikosa kadi ya kimo kifupi pamoja na bati lake fupi, kifuniko hakifungi, na nimeona mashine zikitumika wazi kwa miezi, vumbi na upepo wa chumvi ukiingia moja kwa moja mpaka pini zote zikaota kutu ya kijani. Vile vile monita nyingi tulizonazo zina tundu la VGA tu, lile la zamani la kupokelea picha, na kadi za miaka ya karibuni hazina. Kinachotakiwa ni kibadilishi chenye chipu ndani yake, na kinunuliwe pamoja na kadi, si baada ya kadi kukaa wiki nzima juu ya kabati. Ila monita hizo za zamani zina baraka yake: skrini ya pikseli 1366 kwa 768, au 1600 kwa 900, haiitaki kadi kubwa, na kadi ndogo hucheza vizuri humo gemu ambayo ingeishinda katika skrini kubwa.

Kadi zinazotimiza sharti nililolitaja, la kupata umeme wote katika tundu, si nyingi. GTX 750 Ti ya mwaka 2014 inatumia wati 60, GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 zinatumia 75, Radeon RX 6400 ya 2022 inatumia 53, na RTX 3050 ya gigabaiti 6 iliyotoka 2024 inatumia 70. Mimi ningeichagua GTX 1650 ya kimo kifupi. Kampuni ya NVIDIA ilifunga Oktoba 2025 mlango wa madereva mapya ya gemu (programu zinazoiendesha kadi) kwa 750 Ti na 1050 Ti, zikabakishiwa marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. 1650 ni ya kizazi kilichofuata na bado inahudumiwa. Mnunuzi aangalie tu kwamba baadhi ya 1650 zimewekewa tundu la pini 6, na hizo zinarudi kule kule tulikotoka. RX 6400 ni nzuri kwa udogo wa ulaji wake, lakini inatumia njia nne tu za PCI Express, na katika mashine za kizazi cha pili cha prosesa za Core, kama OptiPlex 790, ambazo tundu lake ni la toleo la 2.0, inapoteza sehemu kubwa ya kasi yake. GT 1030 ningemshauri mtu aiwache kabisa kama muuzaji hawezi kumwambia ramu yake ni ya aina gani, kwani yenye GDDR5 hupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde na yenye DDR4, inayouzwa kwa jina hilo hilo, haifiki 17.

Udanganyifu nao upo, na waathirika wakubwa ni sisi tunaonunua kwa picha. Zipo kadi za GTS 450 za mwaka 2010 na GTX 550 Ti za 2011 zilizoandikwa upya programu yake ya ndani ili zijitambulishe kwa Windows kuwa ni GTX 1050 Ti. Kijana akiwasha mashine huliona jina alilolilipia, akafurahi, mpaka anapofungua gemu na skrini ikawa nyeusi. Kadi ya kweli ya 1050 Ti kwa kawaida haina tundu la VGA, kwa hiyo picha inayoonesha tundu hilo inatosha kumtia mtu shaka kabla hajatuma shilingi, na programu ya bure iitwayo GPU-Z, tangu mwaka 2018, huandika wazi kwamba kadi ni bandia inapoigundua.

Lakini suali kubwa zaidi ni kama kadi inahitajika. Kijana anayetaka GTA V ana hoja, kwa sababu gemu hiyo ilipotoka katika kompyuta mwaka 2015 watengenezaji wake walipendekeza prosesa ya Core i5-3470, ambayo ndiyo hasa iliyomo katika 7010 nyingi, pamoja na ramu ya gigabaiti 8 na kadi ya GTX 660. Mashine hiyo kwa kadi ndogo itaicheza. Anayetaka gemu ya mpira ya EA Sports FC 24 hana hoja hiyo: kiwango chake cha chini kabisa ni GTX 1050 Ti pamoja na Core i5-6600K, prosesa ya mwaka 2015, na hakuna kadi ya grafiki inayobadilisha prosesa. Anayecheza gemu za mpira za PES za miaka ya nyuma huenda hahitaji kadi kabisa. Mashine nyingi ninazozifungua zina kipande kimoja tu cha ramu cha gigabaiti 4, na grafiki za ndani ya prosesa hutumia ramu hiyo hiyo. Ukichomeka kipande cha pili kinacholingana nacho, ramu hufanya kazi kwa njia mbili kwa pamoja na gemu hupata nafuu inayoonekana kwa macho, kwa fedha ambayo haifiki robo ya bei ya kadi. Nimeshawarejesha nyumbani vijana kadhaa kwa dawa hiyo, na mmoja alinikasirikia kwa kuwa alikuwa ameshawaahidi wenzake kadi.

Wazee nao wajue kwamba Windows 10 iliacha kuhudumiwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti ya Microsoft inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Hakuna 7010 wala 9020 inayotimiza hayo. Ndiyo sababu nasisitiza kadi ya kuhamishika: mashine za ofisini zenye Core i5-8500, ambayo ina kori sita badala ya nne, nazo zimeshaanza kuingia katika mitumba, na aliyenunua 1650 fupi leo ataichomoa akaichomeka humo. Aliyenunua RX 580 ataanza tena kutafuta pawa saplai. Na kwa vile umeme ukikatika na kurudi ghafla ndipo vitu vingi huungua, fedha itakayobaki inunue UPS, yaani betri ya kuilinda mashine umeme unapokatika, kabla ya kununua feni za mapambo zenye taa.

Kwa wauzaji wa Unguja na Dar es Salaam nina ombi ambalo halitawagharimu chochote. Mteja wa Pemba anapoulizia kadi, apelekewe picha ya kadi hiyo hiyo ikiwa imewashwa na GPU-Z iko wazi, pamoja na picha ya upande wa tundu la umeme na ya bati la kufungia, na risiti iandikwe jina kamili la kadi, ukubwa na aina ya ramu yake, na muda wa kuirejesha unaoanzia siku mzigo uliposhuka bandari ya Mkoani, si siku ulipotoka dukani. Muuzaji anayekataa kuandika hivyo, mteja amwache. Na kijana ambaye bado hajatuma fedha aje na kasha lake kwa fundi aliye karibu naye. Mimi kulifungua, kuisoma karatasi ya pawa saplai na kupima kimo silipishi, na naamini wenzangu wa Wete na Mkoani nao hawatamtoza mtu kwa kazi ya dakika tano.

Wako,
Fundi wa kompyuta,
Chake Chake, Pemba