Risala ya Wanachama Wanaojitolea Kutunza Njia za Msitu wa Karura kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wetu wa Heshima, Mwenyekiti, wazee wa mtaa, askari wa msitu, wanachama wenzetu, mabibi na mabwana, hamjambo?

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika leo, tarehe ile ile iliyoandikwa kwenye kadi. Si wageni wote waliotutendea hivyo.

Historia yetu ni fupi na hatutakuchosha nayo. Msitu huu ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka wa 1932, na baadaye ukanusurika kugawanywa viwanja. Marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapa Januari 1999 kwa kutaka kupanda mti. Sisi hatukuwapo; baadhi yetu hata hatukuwa tumezaliwa. Tulikuja baadaye, na majembe.

Tangu tuje, Mheshimiwa, mafanikio hayahesabiki. Tumefufua njia zilizokuwa zimekufa. Tumeng'oa lantana iliyokuwa imefunga njia hata mbwa akashindwa kupenya. Tumejenga kivuko cha magogo ambacho mpaka leo hakijamwangusha mtu, hata Mwenyekiti wetu, ambaye mwili anao.

Huenda ukajiuliza, njia ya msituni inatunzwa vipi, si ni watu kupita tu? Adui wa njia ni maji. Udongo wetu huu mwekundu ukikanyagwa unashuka, njia inakuwa kama mfereji, mvua inaufuata mfereji huo na kuuchimba zaidi. Watu wakiona tope wanapita kando, kando nako kunakuwa tope, na kabla hujajua, njia ya mtu mmoja imepanuka lori lingeweza kupita. Dawa yake ni kuilaza njia iinamie kidogo upande wa bondeni, na kukata mitaro ya mshazari ili maji yatoke mapema kabla hayajapata nguvu. Mitaro hiyo hujaa majani na mchanga. Isipozibuliwa kabla ya masika, mvua ya usiku mmoja inafuta kazi ya mwaka mzima. Na mvua kubwa ikinyesha Jumanne, mtaro hautaki kusubiri Jumamosi.

Hapo ndipo ilipo shida yetu, Mheshimiwa. Nayo ni moja tu. Hatuna stoo.

Sururu, masepetu, mafyekeo, mapanga na mitarimbo yetu yanalala nyumbani kwa mweka hazina, mengine chini ya kitanda, mengine nyuma ya mlango. Mumewe ni mtu wa subira, lakini majuzi alijikwaa kwenye mtarimbo usiku, na tangu hapo tunaletewa salamu zake kila mkutano. Siku ya kazi tunasimama stejini alfajiri na vifaa mkononi. Makanga wa gari namba 100 akituona hivyo anagonga bodi mara mbili na gari linaondoka. Anayetuhurumia anatubeba, ila jembe analitoza nauli ya mtu mzima. Mwanachama wetu mmoja alisimamishwa njiani na kuulizwa anakwenda wapi na panga saa hizo. Alipojibu kwamba anakwenda kufyeka njia msituni bila kulipwa, maswali yakaongezeka. Toroli nalo haliingii kwenye matatu, kwa hivyo mawe ya kuzuia maji tunayabeba kwa magunia mabegani.

Jambo hili si geni masikioni mwa wageni wetu. Mgeni wa kwanza tuliyemsomea risala alituambia kontena liko njiani kutoka Mombasa. Huu ni mwaka wa tatu, na hata kama lingekuwa linasukumwa kwa mkono, Mheshimiwa, lingekuwa limepita Mtito Andei. Mgeni wa pili alisema kontena la nini, atatupa mabati na mbao. Tukampigia makofi mengi, na ndiyo mara ya mwisho simu yake kupokelewa. Wa mwaka jana alikwenda mbali zaidi, maana alikuja na futi, akapima mahali penyewe, akapigilia vigingi vinne, akapigwa picha. Hatuwalaumu. Tunajua kazi za wakubwa ni nyingi.

Tunachokuomba ni kontena moja la futi 20, kuukuu. Likiwa na kutu halina neno. Likivuja tutaliziba, fundi yumo humu humu kikundini. Rafu tutapiga wenyewe na kufuli tutanunua kwa michango yetu. Kama kontena ni zito kwako, basi chumba chochote chenye mlango unaofungwa karibu na lango la msitu kitatufaa. Kama nacho hakipatikani, tunakuomba kwa heshima zote utuambie leo, hapa hapa, ili tujue la kumwambia mume wa mweka hazina.

Fulana tunazo, Mheshimiwa. Za mgeni wa kwanza zina picha yake na bado hazijachuja. Miche pia tumepanda na kila mgeni, na wa kwako uko tayari pale mbele pamoja na maji ya kunawa. Ila Machi haiko mbali, na masika hayangoji kikao cha kamati.

Baada ya kupanda mche kutakuwa na chai na mandazi. Kisha Katibu atakutembeza uone mahali pa stoo. Ni mwendo mfupi na hutapotea, vigingi vya mwaka jana bado vipo. Vitatu.

Ni sisi wenyeji wako,
Wanachama.