Ukarabati uliikutanisha Misri na Afrika, kufunguliwa upya kumezitenga tena

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo lililotendeka mbali na kwetu, katika Metropolitan Museum of Art ya jijini New York, kwa sababu naamini linamgusa kila mwalimu anayesomesha historia ya Afrika, nami nimekuwa mmoja wao kwa miaka mingi.

Mwaka 2021 makumbusho hayo yalifunga, kwa ajili ya ukarabati mkubwa, upande wa jengo uliopewa jina la Michael C. Rockefeller, ambamo tangu mwaka 1982 ndimo zilimowekwa kazi za sanaa za Afrika kusini mwa Sahara, pamoja na za visiwa vya Pasifiki na za wenyeji wa kale wa mabara ya Amerika. Kwa kawaida ukarabati wa namna hiyo huishia ghalani: vitu hufungwa, huandikwa namba, hutiwa masandukuni, na watazamaji huambiwa wasubiri. Safari hii wasimamizi hawakuishia hapo. Desemba ya mwaka huohuo walizichukua baadhi ya kazi za Afrika Magharibi na ya Kati, wakazivusha hadi kwenye kumbi za Misri ya kale, na kuzipanga jozi 21, kila jozi ikiwa na kazi moja ya Misri na moja ya kwingineko barani, zikiunganishwa na wazo zinalolibeba badala ya nchi zilikotoka au karne zilimochongwa. Maonyesho hayo yalipewa jina la kumuenzi Cheikh Anta Diop, mwanazuoni wa Senegal (1923–1986), aliyesisitiza kwamba Misri ya mafarao ni sehemu ya Afrika na haiwezi kusimuliwa kando yake.

Picha za jozi mojawapo ninazo darasani. Ya kwanza ni sanamu ya mawe ya chokaa ya Memi na Sabu, mume na mke wa Misri waliochongwa zaidi ya miaka 4,400 iliyopita, wakiwa wamesimama bega kwa bega. Ya pili ni sanamu ya mti ya Wadogon wa Mali, ya karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19, nayo ni ya mume na mke walioketi juu ya kigoda kimoja, mwanamume akiwa na podo la mishale mgongoni na mwanamke akiwa amebeba mtoto mgongoni mwake. Niliziba maelezo, nikawapa wanafunzi wa kidato cha pili wazitazame kwa muda. Walichokiona kwanza ni mkono. Katika sanamu zote mbili mwanamume amempitishia mwenzake mkono mabegani na kuushusha kiganja hadi kifuani pake, kwa utulivu uleule, kana kwamba wachongaji hao wawili walikuwa wamemtazama mtu mmoja. Kuanzia hapo somo lilijiendesha lenyewe, kwa maana walianza kuulizana ni kwa nini Misri huwa na sura yake peke yake kitabuni, na ni nani aliyeamua iwe hivyo.

Jibu la swali hilo, kwa upande wa makumbusho, linajulikana. Idara ya sanaa ya Misri katika makumbusho hayo ilianzishwa mwaka 1906. Kazi za Afrika kusini mwa Sahara, kwa sehemu kubwa, zilifika kwa makubaliano ya mwaka 1969 na Nelson Rockefeller, baba yake Michael na gavana wa New York wakati huo, aliyekuwa amezikusanya katika makumbusho yake mwenyewe, ambayo jina lake lilizitaja kuwa ni sanaa ya kijima. Zikajengewa mahali pake upande wa kusini wa jengo, ilhali Misri ikabaki upande wa kaskazini. Kwa hiyo mtu aliyetaka kwenda kutoka kwa Memi na Sabu hadi kwa Wadogon alilazimika kulikata jengo zima, akipita kwenye sanaa za mataifa mengine, na umbali huo ukamfundisha jambo ambalo hakuna kibao chochote kilicholiandika.

Sisemi kwamba kupanga kwa mada hakuna hatari. Tate Modern, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya London, ilipofunguliwa mwaka 2000 ilichanganya kazi za vipindi tofauti chini ya mada pana kama vile mandhari na mwili wa binadamu, ikalaumiwa kwamba historia imepotea, na mwaka 2006 ikapanga upya. Hata jozi ninayoisifu inaweza kumpotosha mtu asiyeongozwa, akadhani kwamba Wadogon walinakili kutoka Misri, wakati baina ya kazi hizo kuna maelfu ya miaka na jangwa zima. Ndiyo maana tarehe, mahali na jina la jamii lazima viandikwe wazi karibu na kila kazi. Mada isichukue nafasi ya historia.

Tarehe 31 Mei 2025 upande huo ulifunguliwa upya, na kwa mwanga na nafasi iliyopatikana wahusika wanastahili pongezi za dhati. Lakini Wadogon wamerudi kusini na Memi na Sabu wamebaki kaskazini, na hilo linanisikitisha. Kilichowezekana wakati mafundi wako kazini kingeweza kuendelea baada ya mafundi kuondoka, angalau kwa chumba kimoja cha kudumu katikati ya kumbi za Misri.

Kwetu jambo hili si geni. Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, yaliyofungwa mwaka 2005 kwa ukarabati na upanuzi na kufunguliwa tena mwaka 2008, yana ukumbi unaofuata hatua za maisha ya binadamu, ambamo vitu vya jamii mbalimbali hukutana kwa utoto, ujana na utu uzima. Naomba makumbusho yetu mengine yatakapofikiwa na zamu ya kukarabatiwa, kabla ya masanduku kupigwa misumari, wasimamizi wachague vitu vichache tu, wavipange kwa wazo moja, wavionyeshe katika maktaba au shule iliyo jirani, na wawaite walimu waje kusikiliza watoto wanauliza nini.

Wako,
Mwalimu wa Historia,
Tanga