Vazi la roboti au kiti cha magurudumu? Pima mwili kwanza

Familia nyingi hutuuliza: tukimnunulia mgonjwa wetu vazi la roboti la kutembelea, kiti cha magurudumu tukiuze? Tafadhali msikiuze.

Vazi hili ni fremu inayofungwa kiunoni na miguuni, yenye betri na mota kwenye nyonga na magoti. Mvaaji akiinama mbele kidogo, vihisio vinatambua, na mguu unapiga hatua. Kwa aina nyingi lazima ashike magongo mawili asianguke, kwa hiyo mikono na mabega ndiyo yenye kazi kubwa.

Hapo ndipo wengi hukwama. ReWalk, vazi la kwanza kuruhusiwa Marekani kwa matumizi ya nyumbani, mwaka 2014, lilibuniwa na Amit Goffer, mhandisi wa Israeli aliyepooza kwa ajali mwaka 1997. Yeye mwenyewe hakuweza kulitumia, maana mikono yake nayo ilikuwa imeathirika. Ruhusa ile ya nyumbani iliwahusu walioumia uti wa mgongo kuanzia pingili ya 7 ya kifua (karibu katikati ya mgongo) kushuka chini, tena wakiwa na msaidizi aliyefunzwa. Yapo mavazi yasiyohitaji magongo, kama Rex ya New Zealand, lakini mwendo wake ni wa polepole sana.

Hata hivyo, kusimama ni jambo kubwa, na hatulichukulii kwa wepesi. Kumtazama mwenzako usoni mkiwa mmesimama wote wawili kuna thamani isiyopimika kwa hatua. Claire Lomas wa Uingereza alimaliza mbio za London Marathon mwaka 2012 akiwa amevaa ReWalk. Zilimchukua zaidi ya wiki mbili. Kwa safari za kila siku, kiti bado kina kasi zaidi na hakichoshi mabega kiasi hicho.

Kabla ya kuzungumza bei, tunaomba majibu ya kipimo cha uimara wa mifupa, kwa sababu miguu isiyobeba uzito kwa muda mrefu huvunjika kirahisi. Daktari aangalie pia kama viungo vimekakamaa na kama presha hushuka mgonjwa anaposimamishwa. Ngozi ikaguliwe kila baada ya mazoezi: asiyehisi miguu hawezi kujua mkanda umemchubua.

Vazi lisipomfaa, tutawaambia wazi, kisha tutamjaribisha kiti cha magurudumu kinachoweza kumsimamisha.