Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi Anayeelekea Geneva

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwalimu mlezi wa klabu na walimu wote,
Wazazi na wageni waalikwa,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Itifaki ikiwa imezingatiwa, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa wazima. Sisi wanachama wa Klabu ya Afya tunakukaribisha kwa furaha katika hafla yetu ya kufunga mwaka wa klabu. Tunajua ratiba yako imebana. Tumeambiwa pia kwamba Mei hii, mwaka 2026, utakuwa miongoni mwa wajumbe watakaokwenda Geneva, Uswisi, kwenye Mkutano Mkuu wa 79 wa Afya Duniani. Habari hiyo ilipotufikia tulikuwa tumeshamaliza kuandika risala nyingine, yenye pongezi tele na mambo machache. Tuliichana, tukaandika hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza na wanafunzi saba, karatasi nne za manila zilizobandikwa pamoja, na kalamu za rangi ambazo mbili zilikuwa zimeshakauka. Juu ya karatasi hizo tulichora kalenda ya siku za afya duniani. Kunakili tarehe kulituchukua alasiri moja tu, na tungeishia hapo kama mwalimu mlezi asingetuuliza: kwa nini iwe tarehe hiyo na si nyingine?

Swali hilo lilituweka maktaba muhula mzima. Machi 24, Siku ya Kifua Kikuu, ni siku ambayo mwaka 1882, mjini Berlin, Robert Koch aliwatangazia wanasayansi wenzake kwamba amekitambua kimelea cha ugonjwa huo. Juni 14, siku ya wachangia damu, ni siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, ambaye ndiye aliyetuonyesha kwamba damu za watu zina makundi. Julai 28 imekuwa ya homa ya ini kwa sababu siku hiyo alizaliwa Baruch Blumberg, mgunduzi wa kirusi cha homa ya ini aina ya B. Louis Pasteur, mwanasayansi aliyetengeneza chanjo ya kichaa cha mbwa, amepewa siku mbili: Septemba 28, aliyofariki mwaka 1895, ni Siku ya Kichaa cha Mbwa, na Desemba 27, aliyozaliwa, ni siku ya kujiandaa dhidi ya magonjwa ya mlipuko. Mweka hazina wetu alisema mzee huyo hata kaburini hana likizo. Na Aprili 7, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, ni siku ambayo Katiba ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ilianza kutumika mwaka 1948.

Basi tukawa tunaziadhimisha. Nyingine kwa bango, nyingine kwa mdahalo, nyingine kwa ngonjera. Hapa, Mheshimiwa, hatutaki kukuficha kitu. Siku tuliyoiandaa kuliko zote ilikuwa Oktoba 15, Siku ya Kunawa Mikono Duniani. Igizo lilikuwepo, kwaya ilikuwepo, na sabuni zilipangwa mezani kama zawadi za harusi. Maji hayakuwepo. Mabomba yalikuwa makavu tangu alfajiri, na mshereheshaji wetu akabaki akionyesha hewani namna ya kusugua katikati ya vidole. Wanafunzi walicheka hadi machozi, nasi tukacheka nao. Jioni, kwenye kikao cha tathmini, hakuna aliyecheka.

Usiku huo ndipo tulipoanza kalenda ya pili. Hiyo haina siku za maadhimisho. Ina tarehe ambazo mataifa yenyewe yalikaa, yakajadiliana, yakajiwekea kwamba ifikapo wakati fulani jambo fulani litakuwa limekwisha. Siku ya maadhimisho hurudi kila mwaka hata kama hakuna aliyefanya lolote. Tarehe ya ahadi ikipita, imepita, na deni linabaki pale pale. Tunaomba ruhusa yako tukusomee baadhi ya yaliyomo, maana ndiyo hasa tuliyotaka uende nayo.

Tunaanza na ahadi iliyotimia. Mwaka 1967 WHO ilianzisha kampeni kali ya kuiondoa ndui duniani, ikajipa miaka 10. Mtu wa mwisho kuupata ugonjwa huo kwa njia ya asili aliugua Oktoba 1977, yaani walichelewa kwa miezi tu. Alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Alipanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui ili amwelekeze dereva njia. Safari ya dakika chache. Alikuwa akifanya kazi hospitalini na bado chanjo ilikuwa imempita, kwani aliiogopa sindano. Akapona, na hakumwambukiza mtu mwingine. Mei 8, 1980, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, huo huo unaokwenda kuuhudhuria, ulitangaza kwamba ndui imetokomezwa.

Habari ya mpishi huyo haikuishia hapo, na kwetu sehemu iliyofuata ndiyo tamu zaidi. Miaka mingi baadaye alijiunga na kampeni ya chanjo ya polio nchini mwake, akawa anawasimulia wazazi wenye wasiwasi yaliyompata yeye aliyeikimbia sindano. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa bado kwenye kazi hiyo.

Polio yenyewe imo katika kalenda yetu kwa wino mwekundu. Mwaka 1988 Mkutano Mkuu uliazimia kuitokomeza ifikapo mwaka 2000. Wakati huo ilikuwa ikipooza watoto wanaokadiriwa kufikia 350,000 kwa mwaka, katika nchi zaidi ya 125. Mwaka 2000 ulifika na kupita. Lakini tusiwe watu wa lawama tupu: kati ya aina tatu za kirusi cha asili cha polio, aina ya pili ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2015 na ya tatu mwaka 2019, na Agosti 25, 2020, kanda ya Afrika ya WHO ikathibitishwa kuwa haina tena polio ya asili. Aina iliyosalia imebanwa Afghanistan na Pakistan. Tulibishana sana kama ahadi ya namna hii iandikwe "imevunjwa" au "imechelewa". Katibu Msaidizi alishinda kwa hoja kwamba kwa mtoto aliyepooza mwaka 2001, maneno hayo mawili hayana tofauti. Tukaandika "imevunjwa, kazi inaendelea".

Mwaka huo huo wa 2000 ulikuwa pia umeahidiwa jambo kubwa zaidi. Septemba 1978, mjini Alma-Ata, mataifa yalitangaza lengo la Afya kwa Wote ifikapo mwaka 2000. Hiyo hatukubishana.

Sasa inakuja 2030, na hapo kalenda yetu imejaa hadi pembeni. Chini ya Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa mwaka 2015, vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vinatakiwa viwe chini ya 70 kwa kila vizazi hai 100,000, na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano visizidi 25 kwa kila vizazi hai 1,000. Vifo vya kifua kikuu vipungue kwa asilimia 90 kulinganisha na mwaka 2015. Ugonjwa huo bado unaua watu zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka, ingawa dawa zake zipo. Dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi hesabu ni 90, 70, 90: asilimia 90 ya wasichana wawe wamepata chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe. Wengi wetu hapa mwaka 2030 tutakuwa hatujafikisha miaka 25.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunarudi kwenye safari yako. Mei 20, 2025, Mkutano Mkuu wa 78 ulipitisha Mkataba wa kukabiliana na majanga ya magonjwa, baada ya majadiliano ya zaidi ya miaka mitatu. Siku moja kabla, kwenye kamati, mataifa 124 yalikuwa yameuunga mkono, 11 yakajizuia kupiga kura, na hakuna aliyepinga. Magazeti yaliandika kana kwamba shughuli imekwisha. Ukweli ni kwamba ile sehemu ngumu iliwekwa kando, ikaitwa kiambatisho, na kazi ya kukiandaa ikapewa muda hadi mkutano huu unaokwenda wewe. Bila kiambatisho hicho kupitishwa mkataba haufunguliwi kutiwa saini, na hata ukitiwa saini unahitaji nchi 60 ziuridhie ndipo uanze kufanya kazi.

Tulivyokielewa sisi, kiambatisho kinauliza jambo ambalo hata mtoto angeliuliza: nikikuonyesha nilichookota, utanigawia? Nchi ikigundua kimelea kipya, dunia inataka sampuli na taarifa zake za vinasaba haraka, kwa sababu bila hizo chanjo haitengenezwi. Je, chanjo ikishatengenezwa, nchi iliyotoa sampuli inapata nini? Indonesia iliwahi kujibu swali hilo kwa vitendo mwaka 2007, ilipozuia sampuli za homa ya mafua ya ndege kwa hoja kwamba chanjo zitakazotokana nazo watu wake hawatazimudu. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini waliiarifu dunia bila kuchelewa kuhusu aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19, ile iliyokuja kuitwa Omicron, na shukrani waliyopata ni safari za ndege kufungiwa ndani ya siku chache. Mkataba mpya unasema watengenezaji watakaojiunga na mfumo wake wa kugawana sampuli na faida zake, janga likitokea, waipatie WHO kwa haraka sehemu inayolenga asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo wanavyotengeneza, na isiyopungua asilimia 10 iwe bure. Namna ya kulitekeleza hilo ndiyo kiini cha kiambatisho. Kwa maoni yetu hakuna kitu kizito kuliko hicho katika ajenda nzima, hata kama kikao chake kitapangwa jioni wakati wajumbe wamechoka.

Mengine tutayapitia upesi. Kanuni za Afya za Kimataifa zilizorekebishwa zilianza kutumika Septemba 19, 2025, na sasa zina ngazi mpya ya tahadhari, dharura ya janga, iliyo juu ya ile ya zamani. Desemba 2026 Umoja wa Mataifa una mkutano mkubwa wa maji, wenyeji wakiwa Falme za Kiarabu na Senegal. Utatuelewa kwa nini tunaufuatilia kwa karibu. Na mwaka 2027 muhula wa Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus unaisha, hivyo mataifa yatachagua Mkurugenzi Mkuu mpya wa WHO.

Yeyote atakayechaguliwa atakuta sanduku jepesi. Januari 2025 Marekani, iliyokuwa mchangiaji mkubwa kuliko wote, ilitangaza kujitoa WHO. Mei mwaka huo nchi wanachama zilikubali kuongeza michango yao ya lazima kwa asilimia 20. Tulifurahi, kisha tukasoma zaidi tukagundua kwamba kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha za shirika hilo imetoka kwenye michango ya hiari, ambayo mtoaji huja nayo na masharti yake. Klabu yetu inaijua hali hiyo: tuliwahi kupewa fulana 40 wakati tulichoomba ni ndoo.

Mheshimiwa, changamoto zetu wenyewe ni za kawaida na hatutazirefusha. Hatuna chumba, vitabu tunavyotumia vimepitwa na wakati, na maji ya shule bado ni ya kubahatisha.

Maombi yetu ni matatu. La kwanza, ukiwa Geneva, kila utakaposikia neno "ifikapo", tafadhali uliza ni nani atakayehesabu, na atahesabu lini. La pili, ukirudi, utupe saa moja tu ya muda wako utueleze kiambatisho kimefikia wapi. Tumeacha nafasi wazi kwenye kalenda ya pili, chini ya Mei 2026, na tumekubaliana isijazwe kwa habari za kusikia. La tatu ni tenki la maji la kuvuna mvua, pamoja na mabomba manne ya kunawia mikono. Walimu wetu wa ufundi wamesema msingi wake watatusimamia tuujenge wenyewe wakati wa likizo. Kama itawezekana, tunaliomba kabla ya Oktoba 15.

Tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na wanachama wa Klabu ya Afya, na kusomwa kwako na Katibu.