Kikao cha Jumamosi kimehamia Mwanga

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi hatukutani tena Ujiji. Tukutane Mwanga, karibu na soko, saa 9 alasiri.

1. Somo: kugeuza arei (orodha ya vitu) kuwa stringi (maandishi) kwa JavaScript, lugha ya kuandikia programu. Amri ya toString() huunganisha vitu vya arei kwa koma tu, lakini join() hukuachia uchague kiunganishi: ["mgebuka", "dagaa"].join(" na ") hutoa "mgebuka na dagaa". Angalieni sana: kwa njia zote mbili null na undefined (alama za "hakuna thamani") huwa patupu, na arei iliyo ndani ya nyingine hupoteza mabano. Amri ya tatu, JSON.stringify(), huyabakiza mabano hayo, kwa hiyo tutakaa hapo zaidi.
2. Mchango wa bando na chai: shilingi 2,000, mwisho Ijumaa jioni.
3. Wenye laptopu, chajini nyumbani.

Wageni wa somo msiogope, tutaanza taratibu. Naombeni kila mmoja aandike "Nipo" au "Sitaweza" kabla ya Alhamisi usiku.