Godoro kuanikwa barazani si dawa ya kikojozi

Mhariri,

Salamu kutoka Lamu. Naomba nafasi niseme neno juu ya hawa watoto tunaowaita vikojozi, manake hapa mtaani kwetu Langoni kuna mambo yanafanyika asubuhi asubuhi yanauma roho. Wiki jana natoka kununua mahamri nikapishana na mtoto wa kama miaka tisa hivi kajitwika godoro, mamake kamwambia aliweke barazani wapita njia walione, na vichochoro vyetu mnavijua, punda wawili wakikutana mmoja lazima angoje, basi kila mtoto aendaye shule akapita hapo hapo akiziba pua na kumwimbia. Mwenyewe alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake tu.

Mie nayajua haya kwa sababu mwanangu wa pili ana miaka 8 na bado anakojoa kitandani. Na nilifanya makosa yale yale, sijisafishi. Nilimpiga kandambili, nikamwita mvivu wa kuamka, nikamlinganisha na dadake mdogo aliyeacha akiwa na miaka 3. Mama mkwe naye kila saa najisi, najisi, mpaka mkeka wa kuswalia ukahamishwa chumbani. Faida yake ikawa gani? Mtoto akaanza kuficha nguo mbichi chini ya kitanda, harufu ndiyo ikamsema.

Siku nimempeleka hospitali kwa kikohozi nikaona si nimuulize daktari na hili. Nilidhani ataandika dawa tu nishike njia. Akaniuliza, choo kikubwa anaenda mara ngapi? Nikashangaa, mie nasema mkojo yeye anauliza kinyesi! Kumbe mtoto akifunga choo ule mzigo hukibana kibofu, na wangu alikuwa anamaliza siku tatu nzima hajaenda wala mie sina habari. Halafu akamgeukia mwenyewe, shuleni unakunywa maji? Akasema hapana, vyoo vinanuka na mlango hauna komeo, kwa hiyo hanywi asije akabanwa. Yaani mchana kutwa mtoto mkavu, akitoka chuoni, yaani madrasa, magharibi anapiga jagi zima la maji, chai ya maziwa vikombe viwili na mkate wa mofa, tikiti juu yake, saa tatu kalala. Sasa maji yote hayo yaende wapi?

Daktari akanieleza kwamba si uvivu, kuna watoto usingizi wao ni mzito kibofu kikijaa hawasikii, na kuna ambao mwili bado hautoi ya kutosha ile homoni ya kupunguza mkojo usiku. Wenye miaka 7 ni kama 5 hadi 10 katika kila 100, kwa hiyo darasa la watoto 40 wa umri huo halikosi wawili hadi wanne, wamenyamaza tu. Tena ni jambo la ukoo, mzazi mmoja akiwa alikuwa hivyo basi karibu watoto 44 kwa 100 wanarithi, wakiwa wote wawili inafika 77. Hapo ndipo nilipocheka, manake mume wangu aliloa mpaka miaka 11, na anayejua zaidi ni huyo huyo mama mkwe wa najisi!

Sasa hivi anaenda shule na chupa ya maji na sharti aimalize kabla hajarudi, nimezungumza na mwalimu kando amruhusu kwenda choo bila kuulizwa mbele za watu. Papai na mchicha kila siku, chai ya usiku hakuna, baada ya magharibi ni maji kidogo tu. Anakojoa akianza kujitayarisha kulala, na tena taa ikikaribia kuzimwa. Godoro nimelivisha nailoni chini ya shuka, leso kavu iko pembeni, akiloa tunabadili sote wawili bila kelele.

Dawa ya hospitali ipo, na kengele ya kuvaa inayolia tone la kwanza likitoka, lakini tumeambiwa tuanze na haya kwanza, na kila mwaka kama 15 kwa 100 huacha wenyewe. Ila mtoto aliyekuwa amekauka miezi sita au zaidi kisha akaanza tena, au mkojo unamuuma, au ana kiu isiyokwisha na anakonda, huyo usimngojee, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo manake huenda ni ugonjwa mwingine kama sukari.

Wangu hajapona, nisiwadanganye. Ni miezi mitatu sasa, kutoka kila usiku tumefika mara mbili tatu kwa wiki. Juzi alipitisha siku nne mfululizo akaniambia mwenyewe kwa sauti, na nyanyake akiwa pale pale. Usiku wa tano akaloa. Tukabadili shuka tukalala.

Mama wa watoto watatu,
Langoni, Lamu